Kuweka Linux kwenye Raspberry Pi: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yanahusu Raspberry Pi OS, mfumo endeshi huria wa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, uliojengwa juu ya Debian, moja ya matoleo ya Linux.

Assalaam alaykum. Nafundisha skuli, Wete. Raspberry Pi 4 yetu inawaka vizuri, lakini tukifungua kivinjari tu inajizima na kuanza upya. Kadi ya kumbukumbu (microSD) yenye mfumo tumeiandika upya mara kadhaa, hali ni ileile.

Waalaykum salaam mwalimu. Kadi iacheni kwanza, tazameni chaja. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na chaja nyingi za simu hazifiki hapo hata zikiandikwa wati 18. Someni yale maandishi madogo ubavuni: mkikuta 5V 2A halafu 9V 2A, wati 18 hizo zinapatikana kwenye volti 9, ambayo Pi haiitumii. Kwenye volti 5 mnabaki na ampea 2 tu. Ikiwaka bila kazi zinatosha. Kivinjari kikifunguka, prosesa inavuta zaidi, volti zinashuka, kompyuta inazima.

Waya nao una makosa yake. Waya mrefu na mwembamba hupoteza volti njiani, na zikishuka chini ya 4.63 hivi, alama ya radi hutokea pembeni mwa skrini. Hakikisheni kwa amri hii:

`vcgencmd get_throttled`

Jibu likiwa 0x0, umeme uko sawa. 0x50000 maana yake volti zilishuka wakati fulani tangu kuwashwa. 0x50005, zimeshuka hivi sasa. Tafuteni chaja iliyoandikwa 5V 3A, yenye waya mfupi mnene, na chomoeni diski ya nje wakati wa kupima. Tunalisisitiza hili kwa sababu watu wengi hulaumu Linux, wakabadilisha mfumo baada ya mfumo, na kosa liko kwenye chaja au waya.

Nimenunua kadi ya GB 64 kwa bei nafuu sana. Kuandika kunafika mwisho, kisha programu inasema uhakiki umeshindwa. (Mwanakwerekwe)

Huenda kadi ni ya bandia: ndani ina GB 8, lakini imepangwa ijitangaze kuwa 64. Data inayozidi inapotea kimya kimya. Kwenye Linux sakinisha f3, ujaze kadi kwa `f3write`, kisha uisome kwa `f3read`. Kwenye Windows ipo H2testw. Kadi ya GB 64 huchukua saa nzima na ushei, vumilia. Ikionyesha sehemu zilizoharibika, irudishe dukani. Usijaribu kuitumia nusu. Na ule uhakiki wa Raspberry Pi Imager, programu ya kuandikia mfumo kwenye kadi, usiuruke kamwe kwa haraka.

Sina skrini wala kibodi, nina laptopu na hotspoti ya simu. Bando langu dogo. Naweza? (Chake Chake)

Unaweza. Chagua toleo la Lite lisilo na eneo-kazi. Ni karibu nusu gigabaiti. Imager hulitunza faili la mwisho ililopakua, kwa hiyo kama una kadi kadhaa ziandike zote mfululizo kabla ya kuchagua mfumo mwingine, na bando litaliwa mara moja tu.

Kabla ya kuandika, kwenye mipangilio weka jina la kompyuta (tuseme `maktaba`), jina la mtumiaji na neno la siri, jina la Wi-Fi na neno lake, nchi TZ, kisha ruhusu SSH, njia ya kuiendesha Pi kwa amri kutoka kompyuta nyingine. Jina la mtumiaji usiliache: tangu Aprili 2022 yule mtumiaji wa zamani `pi` hawekwi tena, na bila kuweka wako hutaingia. Kama ubao ni Zero 2 W, hotspoti iwe ya 2.4 GHz, maana 5 GHz haioni kabisa.

Mara ya kwanza ipe Pi dakika chache bila kuchomoa; inatanua nafasi ya kadi na kujiwasha upya. Halafu kwenye laptopu andika `ssh jina@maktaba.local`, `jina` likiwa lile la mtumiaji uliloweka. Jina la kompyuta lisipopatikana, tazama kwenye simu anwani ya kifaa kilichojiunga, uitumie hiyo.

Umeme ukikatika, kadi inaharibika. Tuna Kiwix ya wanafunzi, maktaba ya kusomwa bila intaneti. (Jambiani)

Kadi huharibika umeme unapokatika katikati ya kuandika. Maliza kusakinisha kila kitu kwanza, kisha fungua `sudo raspi-config`, sehemu ya utendaji, uwashe Overlay File System. Toka hapo mfumo unaandika kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, kadi haiguswi. Lakini kila kipya kinafutika ukizima, kwa hiyo inafaa maktaba ya kusomwa tu. Wanafunzi wakihifadhi kazi humo, nunueni UPS, betri ya akiba ya kushika umeme ukikatika. Na `apt upgrade`, amri ya kusasisha programu, msiifanye siku ambayo umeme unacheza.

Saa ya Pi 4 yangu iko nyuma na tovuti zinakataa kufunguka. (Mkoani)

Pi 4 haina betri ya saa. Hupata wakati sahihi kutoka intaneti. Saa ikiwa nyuma sana, vyeti vya tovuti vinaonekana batili. Rekebisha kwa `sudo date -s "2025-03-10 14:30"`, ukiweka tarehe na saa ya kweli. Mahali pasipo intaneti funga moduli ya DS3231, saa ndogo yenye betri yake, uongeze mstari `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `/boot/firmware/config.txt`, kisha uwashe upya.