Fundi wa Magari ya Jeshi: Maswali Yenu na Majibu

Mwangaluka. Tangu niseme kwamba nilishika spana jeshini kabla ya kufungua gereji hapa Nyakato, Mwanza, maswali yamekuwa mengi kuliko magari. Nitajibu yanayojibika. Idadi ya magari ya jeshi na mahali yanapolala msiniulize.

Shikamoo afande. Nina miaka 21 na cheti cha VETA cha ufundi magari, nafanya kazi gereji Mabatini. Naweza kuingia JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, moja kwa moja kama fundi?

Marahaba. Hapana. Unaingia kama askari, ufundi unafuata. Matangazo ya kuandikisha kwa kawaida hutaka uwe umepitia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na una cheti chake, hujaoa, na vyeti vyako vya shule na cha kuzaliwa ni halali. Umri usome kwenye tangazo lenyewe, maana hutofautiana kufuatana na elimu. JKT ya kujitolea ni miaka miwili. Humo utakimbia, utalima, utajenga, na spana unaweza usiiguse kwa miezi. Wala JKT si ahadi ya ajira. Hata ukifika kikosini, cheti kitakusogeza karakana, lakini lindo la usiku linakusubiri sawa na mwenzako asiyejua kufungua nati. Na ukikutana na "mjomba" anayetaka laki tano akuingize, anakuibia. Nafasi hizo haziuzwi.

Magari yenyewe yana tofauti gani na haya ya mtaani?

Hapa nikae kidogo. Injini ya dizeli ni injini ya dizeli. Kinachowaumbua vijana ni umeme. Malori mengi ya jeshi yanatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Kijana aliyezoea Haisi anaona betri mbili, anachukua waya wa redio kwenye moja ili apate 12 zake. Redio inaimba vizuri tu. Wiki kadhaa baadaye betri ile imechoka, mwenzake imechajiwa kupita kiasi, na asubuhi ya msafara lori linasema "tik" basi. Nayasema haya kwa sababu niliyafanya. Tulilisukuma lori lile watu tisa, sajenti amesimama pembeni anakunywa chai, hana haraka.

Halafu breki za upepo. Chini ya matangi ya upepo kuna koki. Kila siku unaifungua, maji yaliyochanganyika na mafuta yanatoka. Ukipuuza, maji yanakula valvu. Rimu za vipande, zile zenye ringi, usilegeze hata nati moja kabla ya kutoa upepo wote: ringi ikiruka haichagui cheo.

Na huku kwetu kuna maji ya ziwa. Gari likiingia majini hadi juu ya hubu, kile kitovu cha gurudumu, kesho yake fungua difu, lile boksi la gia kwenye ekseli, uangalie oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga, weka mpya, kagua sili na kibomba cha kupumulia, kisha paka grisi upya. Mtaani mwenye gari angekwambia "si linatembea?" Jeshini hata gari ambalo halijaharibika linaletwa karakana, kwa tarehe au kwa kilomita, na kila ulichogusa unakiandika na kusaini kwenye kitabu chake. Wengi wanaoshindwa kazi hii wanashindwa hapo kwenye kuandika. Mikono wanayo.

Mimi ni mama wa Kirumba, nauza dagaa. Binti yangu anapenda magari. Jeshini watamwacha ashike spana au watampeleka ofisini?

Mama, jeshi linaandikisha wasichana, na kozi wanayoifanya haina ya kike wala ya kiume. Kazi anaweza kupangiwa yoyote, kama mvulana. Nimefanya kazi na dada aliyerekebisha klachi haraka kuliko mimi. Asome fizikia, na akimaliza shule apate cheti cha ufundi ili awe na cha kuonyesha.

Fundi naye anakwenda Kongo?

Anakwenda. Tanzania ina askari kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa kule mashariki mwa Kongo tangu 2013. Nchi inapopeleka magari yake kwenye misheni hizo, Umoja wa Mataifa huyalipia, na wakaguzi hupita kuona kama yanafanya kazi. Gari lililokufa linapunguza malipo. Kwa hiyo fundi kule halali sana, na matope ni ya kweli kweli.

Nikitoka jeshini, mtaani watanitambua?

Kama una karatasi. Ukiwa bado kazini, pata cheti cha ufundi cha VETA na chukua leseni ya magari makubwa. Malori ya mizigo, mabasi ya mikoani na migodi ya Geita wanahitaji mtu anayejua breki za upepo na volti 24. Neno "nilikuwa jeshini" peke yake halijazi fomu.

Naweza kuvaa jaketi la kijeshi la mtumba pale gereji? Ni gumu, halichaniki.

Hapana, ndugu yangu. Raia kuvaa mavazi ya jeshi ni kosa, na hilo la kwako hata likitoka ng'ambo litakuletea maelezo marefu. Nunua ovaroli la bluu.