Kuhusu kiti cha pweza na mtihani wako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza uiruke mada ya Ekinodemata, kundi la kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, au la, maana mtihani wa kidato cha sita umekaribia, nafasi za udaktari Muhimbili zinagombaniwa, na mada ya figo bado haijakukaa sawa.

Nami nakuuliza: unajua kiti cha pweza anakulaje? Msimamo wangu unaujua, mnyama huanza kueleweka mdomoni.

Shuleni kwetu Iringa alikuwepo mmoja tu, kwenye chupa ya fomalini, kabatini, kwa kufuli. Siku kabati lilipofunguliwa, wavulana waliitwa mbele wamshike. Sisi wasichana tukaambiwa tuchore kutoka kitabuni. Nilichora: mikono mitano, kile kisahani cha kuingizia maji mgongoni, kila kitu. Nilipata alama zote, na hasira haijaisha hadi leo. Baba yako anasema nakumbuka kupita kiasi. Yeye alikuwa mmoja wa walioitwa.

Halafu ile safari ya Bagamoyo na bibi yako, mliyotapika nyote kwenye kona za Kitonga, ndipo nilipomwona akiwa hai. Nikamgeuza. Chini vimejaa vimiguu laini vinavyoendeshwa kwa msukumo wa maji, vinapapasa pa kushika. Wapo wanaofungua chaza kwa vimiguu hivyo, wakatoa tumbo lao nje na kummeng'enya chaza ndani ya gamba lake! Bibi yako aliniita mpaka akachoka.

Ni kweli, hakuna mgonjwa atakayekujia na mikono mitano. Na figo hawa hawana kabisa, kwa hiyo hapo hawakusaidii. Lakini katika kiinitete chao tundu la kwanza huwa njia ya haja kubwa, mdomo hufuata baadaye, kama kwetu sisi. Ni ndugu zetu wa karibu kuliko panzi na konokono. Daktari asijue ndugu zake?

Basi, mtihani ni wako. Jibu ninalo ulimini, ila baba yako ananikodolea macho nisiliandike. Ukiifungua mada hiyo, usianze kukariri majina ya makundi yale matano. Anza mdomoni.

Mchele wa Kyela nimempa kondakta, kaupokee stendi ya Magufuli kesho. Na ufukwe wa Kunduchi si mbali na hapo ulipo. Maji yakipwa, nauli nitakutumia.

Mama yako,
Tukuyu