Andaa tungsteni yako vizuri kabla hujaiingiza kwenye plazma

Wewe uliyepo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unayeandaa sampuli ya metali ya tungsteni ya kupeleka maabara ya nje ikapigwe na plazma (gesi ya moto ambayo atomu zake zimepoteza elektroni), tambua kwanza kwamba kutoyeyuka si kinga. Tungsteni huyeyuka kwenye nyuzijoto 3422 za Selsiasi, ndiyo maana imechaguliwa kwa sehemu ya chini ndani ya ITER, mtambo wa majaribio ya kuunganisha viini vya atomu unaojengwa kule Ufaransa, mahali ambapo joto na gesi ya heli inayobaki baada ya viini kuungana vitatolewa. Lakini heli yenye nishati ya elektronivolti 30 hivi (kipimo cha nishati ya chembe ndogo), uso ukiwa kati ya nyuzi 700 na 1700, hupenya na kujikusanya kuwa viputo. Viputo huisukuma metali mpaka uso unaota malaika, membamba kuliko ya mkono wa mtoto mchanga, na kilichong'aa kama kioo kinakuwa cheusi kama masizi ya sufuria. Mizani haitakuonyesha mabadiliko hayo, maana nishati hiyo ni ndogo mno kung'oa atomu za tungsteni.

Piga msasa namba 400, kisha 800, kisha 1200, ukigeuza kipande robo mzunguko kila unapobadilisha, hadi mikwaruzo ya msasa uliopita ifutike. Malizia kwa unga wa almasi wenye punje za maikromita 6, 3 na 1. Osha kwa asetoni, halafu ethanoli. Usishike kwa mkono mtupu. Jasho lina chumvi.

Hatua inayorukwa sana ni kuchoma kipande ndani ya ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa, nyuzi 1000 kwa saa moja. Msasa huacha tabaka lililovurugika, na kasoro zake hunasa haidrojeni. Usipolichoma, utailaumu plazma kwa kosa la msasa. Usizidishe sana moto: kuanzia nyuzi 1200 hivi chembe za metali hukua na kipande huwa rahisi kupasuka.

Hewa ya Dar ina unyevu na chumvi ya bahari, hasa masika. Funga sampuli kwenye chupa yenye silika jeli, na ubadilishe punje za buluu zikigeuka waridi.

Wakati wa jaribio, usitegemee kipima joto cha mwanga peke yake. Uso ukishakuwa mweusi hutoa mwanga mwingi zaidi kwa joto lilelile, hivyo kipimo kitasoma juu kuliko ukweli. Weka thamokapo, yaani kipima joto cha nyaya mbili kinachogusa metali, nyuma ya kipande.

Kikishatoka, usikifute hata kwa kitambaa laini. Malaika yale hung'oka kwa kuguswa tu, kwa hiyo chora alama za utambulisho upande wa nyuma, tena kabla ya kuanza kung'arisha.