Kabla ya sensa za mashine, nionyeshe daftari

Nina boti ya abiria yenye mashine mbili za dizeli. Nimeshauriwa ninunue sensa za mtetemo na programu ya kubashiri mashine itaharibika lini. Ninunue? (Mmiliki, Tanga)

Swali hili sasa limenichosha. Daftari la mashine liko wapi? Joto la maji ya kupoza, presha ya oili, mizunguko, saa za kazi: kuna anayeandika? Programu hubashiri kwa kulinganisha leo na jana, na jana yako haikuandikwa. Joto likiwa 78 wiki hii, 80 wiki ijayo, kisha 83, kwa mwendo na mzigo uleule, huna haja ya kompyuta. Ama kipoza joto kimejaa uchafu, ama impela ya pampu ya maji ya bahari imeanza kukatika mabawa. Kengele haitalia mpaka karibu 95, nawe uko katikati ya mkondo wa Pemba na watu wanatapika.

Tena kengele yenyewe! Nilipanda boti moja, jina nalihifadhi, nikakuta king'ora kimeshindiliwa tambara. Fundi akaniambia kinasumbua abiria. Huyo umfungie sensa za nini?

Oili imekuwa nyeupe kama maziwa. Naweza kumaliza nayo msimu wa kusi?

Zima mashine. Hayo ni maji.

Kuna faida gani kupeleka oili maabara, iwapo naibadilisha kila saa 250? (Makanika, Mombasa)

Unaimwaga na habari zake, mwanangu. Chuma kikipanda, silinda na ringi zinalika. Shaba na risasi, tazama beringi. Silikoni ni vumbi lililopita kwenye chujio la hewa. Sodiamu, shuku maji ya chumvi. Lakini sampuli moja ni kubahatisha tu: chukua tatu au nne kwa mfululizo, mashine ikiwa moto, mahali palepale. Na chupa iwe safi. Jamaa mmoja alitumia chupa ya soda aliyoisuuza baharini; sodiamu ikaruka, tukafungua mashine nzima bure.

Anodi zangu za zinki hazijalika miaka mitatu. Nimepata mali nzuri, sivyo? (Mwanza)

Sivyo. Anodi hufungwa ili ilike yenyewe badala ya chuma cha boti. Katika maji baridi, yasiyo na chumvi, zinki hujifunika utando na kuacha kazi. Anodi isiyolika hailindi. Kinacholika ni rafadha yako. Ziwani funga magnesiamu, ila usiilete huku pwani, chumvi itaimaliza upesi.

Meli iliyovunja daraja Baltimore haikuwa na sensa? (Baharia, Dubai)

Ilikuwa nazo, ila sensa huona pale ilipofungwa tu. Dali, meli ya karibu mita 300, ilizimika umeme na kugonga daraja la Francis Scott Key tarehe 26 Machi 2024. Wafanyakazi sita wa barabara walikufa. Wachunguzi wa Marekani wakafuatilia mpaka kwenye waya mmoja: lebo yake ilivishwa vibaya, waya haukuzama sawasawa kwenye tundu lake, ukalegea, breka, yaani swichi kuu ya umeme, ikajizima. Waya mmoja kati ya maelfu!

Waya wa umeme mkubwa ukilegea hupata moto kuliko jirani zake, na kamera ya joto huuona. Mwingine utaujua kwa kuuvuta kidogo kwa mkono, umeme ukiwa umekatwa. Muulize fundi umeme wenu ubao mkuu ulikaguliwa hivyo lini. Akikujibu "tangu kiwandani", niandikie tena.