Kuvuta trekta au kukokota kwa trekta?

SWALI: Mimi ni dereva wa trekta huku Mbarali. Kwenye simu huwa natazama video za mashindano ya Marekani na Uholanzi. Trekta moja lenye injini nne linavuta tela zito kwenye njia ya udongo, moshi na moto vinatoka juu, watu wanashangilia. Nilimwambia mwenzangu kuwa hayo ni mashindano ya kuvuta matrekta. Akaniuliza, trekta moja linavutwa na watu wangapi? Nikajirekebisha, nikasema ni mashindano ya kuburuta. Hapo ndipo alipocheka zaidi. Neno sahihi ni lipi: kuvuta, kukokota au kuburuta? Na matrekta yale niseme yamefungwa injini nne au yameungwa injini nne?

JIBU: Ndugu dereva, mwenzako alisikia ulichokisema. Jina likikaa moja kwa moja baada ya kitenzi kuvuta, sisi huelewa kwamba ndilo linalovutwa. Katika kuvuta kamba, kamba ndiyo inavutwa. Wavuvi wakivuta juya, juya ndilo linakuja pwani. Na siku trekta lako lilipozama kwenye jaruba ukaomba mwenzio aje na mnyororo, bila shaka ulimpigia simu ukimwita "aje kuvuta trekta". Maana hiyo imeshachukua nafasi. Ongeza na wale mashujaa wa viwanja vya sherehe wanaovuta lori kwa meno, na utaona kwa nini mwenzako alianza kuhesabu watu.

Kiingereza kinauita mchezo huo kwa maneno mawili: jina la trekta, kisha tendo la kuvuta. Nani anavuta nini, msikilizaji anajijazia. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Ukiyahamisha maneno mawili hayo kama yalivyo, mvutaji anageuka kuwa mvutwaji.

Dawa unayo shambani kwako. Hakuna anayesema amelima trekta. Tunasema amelima kwa trekta, kama tulivyosema zamani kulima kwa jembe na kulima kwa ng'ombe. Hiyo "kwa" inatosha kulirudisha trekta kwenye nafasi yake ya chombo cha kazi. Kwa hiyo: mashindano ya kukokota kwa matrekta. Wapo wanaopenda kunyambua kitenzi, waseme "kuvutisha matrekta". Siwashauri. Kwenye masikio ya wengi, kumvutisha mtu ni kumpa sigara.

Sasa, kwa nini nimeandika kukokota? Vitenzi vyako vitatu vinakaribiana lakini havilingani. Kuvuta ni neno pana mno. Hata hewa inavutwa, hata sigara, hata macho ya watu. Kukokota ni kuvuta kizito, kwa taabu, kinakuja polepole. Ndiyo maana mgonjwa "anajikokota" kwenda zahanati, na ndiyo maana tuna mkokoteni. (Ajabu ni kwamba mwenye mkokoteni tunamwita msukuma mkokoteni, hata anapokuwa mbele akiuvuta kifua kikiwa kimelala. Lugha nayo ina mizaha yake.) Kuburuta ni kuvuta kitu kikiwa kinasugua chini: gunia, gogo, kamba ya mbuzi aliyetoroka. Wengine, hasa wa pwani, husema kuburura, na kuburuza nalo lipo. Lakini kwenye michezo kuburuta limeshajitia doa. Timu inayoshika nafasi ya mwisho kwenye ligi "inaburuta mkia". Ukimwambia mtu kuna mashindano ya kuburuta, anawaza watu wanaogombea kuwa wa mwisho. Mwenzako ni mtu wa mpira, naona.

Hata hivyo, ukiutazama mchezo wenyewe kwa makini, utagundua jambo ambalo halikuniruhusu kulitupa kuburuta moja kwa moja.

Mchezo huu ulianza na farasi. Wakulima wa Marekani walishindanisha farasi wao kwa kuwafunga ubao bapa, au bamba la kuteleza ardhini, lililopakiwa mawe au watu. Mashindano ya kwanza yanayokumbukwa ya kutumia mashine yalifanyika mwaka 1929 katika majimbo ya Missouri na Ohio. Kwa miaka mingi baadaye, namna ya kuongeza uzito ilikuwa ya kijijini kabisa. Watu walipangwa kando ya njia, na mzigo ulipowapita walirukia juu yake mmoja baada ya mwingine, hadi trekta lichoke. Hapo neno kuburuta lingefaa bila ubishi: bamba linasugua udongo, na abiria wanazidi.

Kisha likaja tela la kuhamisha uzito, na mimi nadhani hili ndilo wazo la ajabu kuliko injini zote unazozitazama. Tela hilo lina magurudumu nyuma, na mbele lina bamba la chuma linalolala ardhini. Juu yake kuna sanduku la uzito. Mwanzoni sanduku linakaa nyuma, juu ya magurudumu, na tela linabingirika kwa wepesi. Lakini magurudumu hayo yameunganishwa na minyororo inayolivuta sanduku lije mbele. Kila trekta linavyosonga, sanduku nalo linasonga, uzito unahama kutoka kwenye magurudumu kwenda kwenye bamba, na bamba linazidi kuikwangua njia. Trekta linajitengenezea mzigo wake lenyewe: kadiri linavyofika mbali ndivyo linavyojikaba.

Unaona basi? Safari moja ya mita 100 ina vitenzi viwili. Inaanza kwa kukokota kitu chenye magurudumu, inamalizikia kwa kuburuta kitu kinachosugua chini. Ningekuwa mtangazaji wa mchezo huo, ningevitumia vyote kwa zamu: "Analikokota… analikokota… sasa analiburuta!" Kwa jina la mchezo lakini, kukokota linatosha, na halina mkia.

Wenzetu wa Ulaya waligawanyika kwenye jambo hilihili kabla yetu. Waholanzi, wanaoupenda mchezo huu sana, humwita trekta trekker, na mchezo trekkertrek. Mzizi wote ni wa kuvuta. Wajerumani wana jina Trecker la mzizi huohuo, lakini pia wana Schlepper, linalotokana na kitenzi cha kuburuta. Na sisi, ingawa hatukukusudia, tumo: neno letu trekta limetoka Kiingereza, nacho kikalitoa katika Kilatini, ambako maana yake ni mvutaji. Uliposema kuvuta trekta ulisema, kwa asili ya maneno, kumvuta mvutaji.

Nije kwenye injini zako nne. Gereji zetu zina jibu, na ni zuri: limefungwa injini nne. Mwanafunzi wa darasani anaweza kushtuka, kwamba kufunga ni kinyume cha kufungua. Lakini fundi akisema gari limefungwa injini ya Scania, hakuna anayedhani limefungwa mlango. Ni kufunga kwa maana ya kupachika na kukaza, na kumezoeleka kiasi kwamba kukikosoa ni kupoteza muda. Kuungwa hapana. Kinachoungwa kwetu ni mboga, na huungwa nazi au karanga. Trekta lililoungwa injini nne linasubiri ugali.

Ila kuna tendo la pili ambalo lazima ulitofautishe: injini hizo zimefungwa kwenye trekta, kisha zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Bila huko kuunganishwa, nne ni mzigo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndugu wawili wa Ohio, Carl na Paul Bosse, walileta giaboksi inayopokea nguvu za injini kadhaa na kuzitoa kwenye shafti moja. Ghafla swali la "injini gani kubwa inapatikana?" likawa "zinaenea ngapi?" Mtu aliyekuwa na injini mbili za magari alitafuta mbili nyingine. Kwa Kiswahili sema: trekta limefungwa injini nne zilizounganishwa kwenye shafti moja. Sentensi ni ndefu kidogo, lakini kila kitenzi kina kazi.

Baada ya giaboksi hiyo, watu walianza kuokota injini mahali ambapo mkulima hana kawaida ya kupita. Injini ya Allison V-1710, ya silinda 12 na ujazo wa takriban lita 28, ilitengenezwa kwa ajili ya ndege za kivita kama P-38 na P-40 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha zilibaki nyingi, na baadhi ziliishia mashambani kwenye matrekta ya mashindano. Nchini Ujerumani kuna trekta liitwalo Dragon Fire, lililofungwa injini ya Kisovieti ya Zvezda M503, iliyoundwa kwa boti za makombora za jeshi la majini. Ina silinda 42. Zimepangwa mistari saba ya silinda sita sita, zikitoka katikati kama spoku za gurudumu la baiskeli, na ujazo wake unazidi lita 143. Ilizaliwa ikitumia dizeli, wenye trekta wakaigeuza itumie methanoli, aina ya alkoholi. Hapo usiseme "injini 42", kama nilivyosikia kijana mmoja akitangaza kwa furaha. Injini ni moja, silinda ndizo 42.

Neno jingine linalopotea ni jeti. Matrekta yenye sauti kama ndege inayoruka watu huyaita matrekta ya jeti. Kosa hapa ni la maana, maana jeti husukuma: hewa ya moto inatoka nyuma, chombo kinakwenda mbele. Art Arfons wa Akron, Ohio, alijua tofauti hiyo kuliko wengi. Kati ya mwaka 1964 na 1965 alivunja rekodi ya dunia ya mwendo wa ardhini mara tatu kwa gari lake Green Monster, lililosukumwa na injini ya jeti ya J79. Baadaye akaingia kwenye matrekta na kuleta turbini huko. Lakini turbini ya trekta, kama ya helikopta, kazi yake ni kuzungusha shafti. Shafti inazungusha magurudumu, magurudumu yanakamata udongo. Moto unaotoka juu haulisogezi trekta hata hatua moja. Kwa hiyo liite trekta la turbini, uliache neno jeti liende na ndege yake.

Kuhusu turbo, mafundi wetu wana neno ambalo vitabu vimelisahau. Injini ya kawaida inavuta hewa; injini yenye turbo inashindiliwa hewa, kama baruti ilivyoshindiliwa kwenye gobori. Katika madaraja fulani ya mashindano, turbo hupangwa kwa kufuatana, ya kwanza ikiishindilia hewa ndani ya ya pili, na wenye injini za dizeli hunyunyizia maji ndani ya hewa hiyo ili ipoe. Shindilia ni kitenzi kinachoeleza kazi nzima bila mchoro. Kitumie.

Tairi sina mengi ya kukufundisha. Wewe unazijua kashata, yale meno ya tairi, kuliko mimi. Nitasema tu kwamba washindani huzichonga na kuzinoa kashata za tairi kwa mashine, na vitenzi hivyo viwili, kuchonga na kunoa, vinakubalika kwa raba kama vinavyokubalika kwa mti na kisu.

Umbali nao una mtego. Tunasema mtu amekimbia mita 100 na hakuna utata. Ukisema dereva amevuta mita 97, msikilizaji anaweza kuuliza mita 97 za nini: kitambaa? kamba? Ni tabia ileile ya kitenzi kuvuta, kinakamata jina la kwanza kinalolikuta. Kipe kitenzi kitu cha kushika kwanza: amelikokota tela mita 97. Akifika mwisho wa njia, sema amelimaliza njia? Hapana, njia ni ya ngeli nyingine: ameimaliza njia. Tela ndilo analifikisha.

Kwa hesabu za nguvu, andika nguvu za farasi, wala usione aibu kwamba farasi kwetu ni wachache. Kipimo hicho, kilichowekwa na James Watt katika karne ya 18, ni sawa na kunyanyua takriban kilo 76 mita moja juu kwa sekunde moja. Na kwa mchezo uliorithi ubao wa farasi, kipimo hakijaenda mbali na zizi.

Limebaki jina la anayekaa juu ya usukani, ambalo hukuniuliza lakini utalihitaji ukianza kusimulia. Mvutaji utaonekana unamsingizia sigara au kibaya zaidi. Mkokotaji, watamtafuta sokoni na mkokoteni wake. Mwite dereva, kama wewe.