Taa za dashibodi: kwa nini michoro badala ya maneno?

Ndugu, umeuliza kwa nini wasiandike tu "oili imekwisha" badala ya michoro. Gari moja huuzwa nchi zenye lugha nyingi, na nafasi ya taa ni ndogo. Ndiyo maana kuna kiwango cha kimataifa, ISO 2575, kinachopanga alama na rangi. Anza na rangi: nyekundu: simama mahali salama; njano: kapime mapema; kijani au bluu: kitu kimewashwa tu.

Inayoponza wengi ni birika jekundu lenye tone. Haionyeshi wingi wa oili, inaonyesha presha imeshuka. Ikiwaka injini ikinguruma, egesha na uzime palepale. Ukijikongoja hadi gereji, beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) zitasagika. Subiri dakika chache, pima oili kwa kijiti chake. Oili ikiwa kwenye kiwango chake na taa bado inawaka, usiendeshe, ita gari la kuvuta.

Taa ya injini ikimweka-mweka, punguza mwendo: kuna silinda isiyochoma petroli vizuri, na petroli inayobaki huunguza katalaiza, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Hapa, kwa kweli, maneno yangesaidia kuliko mchoro. Kwa hiyo kitabu cha maelezo ya gari kisikae nyumbani.