Mgonjwa wa kansa anakonda? Soma hapa kabla hujanunua kopo

Swali naloulizwa sana ni hili, nimpe mgonjwa wangu maziwa gani ya kopo ndo arudishe mwili? Hapa Kampala ukiwa na mgonjwa wa kansa kila anayekuja kumsalimia ana kopo lake la kusifia, na mwingine analiuza yeye mwenyewe, ukimsikiliza kila mtu utauza hata boda. Mimi nilimuuguza mjomba wangu, kansa ya umio, Mulago pale kwenye taasisi ya kansa, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Kwanza ujue kukonda kwa kansa si sawa na kukonda kwa njaa. Mwenye njaa akipata chakula ananenepa, lakini huyu ugonjwa wenyewe unafanya mwili ule misuli yake na hamu ya kula inakatika, ndo maana unaweza kumpa kopo la bei kali na kilo bado zinashuka. Hakuna lishe ambayo peke yake inarudisha yote, anayekuahidi hivyo anataka pesa yako tu. Kipimo ni hiki: akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 bila kutaka, ni shida. Yaani alikuwa kilo 60 sasa yuko chini ya 57, sema kwa daktari, usingoje kliniki ijayo.

Halafu uliza, nini kinamzuia kula? Mjomba ukimletea kikombe alikuwa anakisukuma kwa mgongo wa mkono, "Mwanangu, hii inanuka chuma." Si maringo hayo, kemo, yaani zile dawa kali za kansa, inaharibu ladha kabisa. Kijiko cha plastiki kilisaidia, na uji tukauacha upoe kwanza maana chakula cha moto ndo kinatoa harufu. Kichefuchefu kina dawa, choo kigumu kina dawa, na maumivu kuna mofini ya maji ambayo hapa Uganda inatolewa bure, mtu mwenye maumivu atakulaje jamani? Na kama hata maji yanakwama kooni, hapo kopo halina kazi, anahitaji kufunguliwa njia au kuwekewa mpira wa kulishia.

Sasa hayo makopo. Sikatai, kwa asiyeweza kutafuna yanasaidia kweli, ila ligeuze nyuma usome protini. Wataalamu wa lishe wanapiga hesabu ya gramu 1 mpaka 1.5 ya protini kwa kila kilo ya mtu kwa siku, kwa hiyo mtu wa kilo 50 ni gramu 50 mpaka 75, na yai moja lina kama 6. Kuna makopo ni sukari tupu na picha ya mzee anacheka. Sisi pesa ilipokata tulirudi kwenye uji wa soya, ndani kijiko cha odi (karanga na simsim zilizosagwa), mukene, wale dagaa, waliosagwa laini kwenye mchuzi, ovakedo iliyopondwa na maziwa, na mafuta kidogo juu (kijiko kikubwa kimoja ni kalori kama 120, si mchezo). Kikombe kidogo kila baada ya masaa mawili, sahani iliyojaa inamkatisha tamaa hata kabla hajaonja.

Vidonge vya mafuta ya samaki, tafiti zinapingana, si kitu cha kukopea. Vitamini za dozi kubwa wataalamu hawazishauri kama hajapimwa akaonekana ana upungufu. Unga wa mlonge, majani ya mustafeli na hizo dawa za chupa zinazouzwa kwenye basi, mwambie daktari kabla ya kemo, nyingine zinagongana na dawa na ini ndo linaumia. Na wale wanaomnyima mgonjwa chakula eti sukari inalisha kansa, tafadhali, kama hana kisukari mwacheni ale anachokitamani, akitaka soda na rolex (chapati ya mayai) saa nne usiku apewe.

Ukikoroga unga wa kopo tumia maji yaliyochemshwa, koroga cha kunywa sasa hivi tu, na kilichobaki kwenye kikombe mwaga hata kama roho inauma. Kemo inashusha kinga, na kuharisha kwa siku moja kutamaliza kilo ulizozihangaikia mwezi mzima.